Yoga ya taratibu: maswali yenu ya wiki hii

Dada, naendesha bodaboda Nkuhungu. Mwaka jana niligongwa na Fuso. Mguu umepona, ila honi ya lori ikilia moyo unaenda mbio na mwili unakakamaa. Nimeshauriwa yoga. Si kujinyoosha tu huko?

Pole sana, kaka. Mguu umepona, mwili bado uko kwenye tahadhari. Honi ikilia unajikunyata kabla hujawaza lolote. Kujinyoosha kwenyewe si dawa. Kinachosaidia ni kuusikiliza mwili ukiwa mahali tulivu, na kuacha muda wowote unaotaka. Kaa kwenye kiti, nyayo zote chini. Kandamiza sakafu kidogo, legeza. Vuta pumzi kawaida, kisha itoe polepole, ichukue muda mrefu kuliko ulipoivuta, maana mapigo ya moyo hupungua kasi pumzi inapotoka. Dakika tatu zinatosha.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 64 wenye kiwewe sugu, yaani mshtuko wa tukio baya usioisha. Baada ya wiki 10, zaidi ya nusu ya waliofanya yoga hawakuhesabika tena kuwa na ugonjwa huo. Kwa waliopewa elimu ya afya tu, ni kama mmoja kati ya watano. Utafiti wenyewe ni mdogo, na ni wa wanawake watupu, kwa hiyo kliniki usiache. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, iko hapo hapo Dodoma mjini. Utani wa vijiweni kuhusu hospitali ile usikuzuie.

Nilienda darasani, mwalimu akasema tufumbe macho, halafu akaja nyuma yangu akanikandamiza mgongo. Nilitetemeka mpaka nikatoka nje. Nina kasoro?

Huna, dada yangu. Umeshikwa bila kuulizwa, mwili ukakataa. Mwalimu anayeijua kazi hii hamgusi mtu bila ruhusa, wala hasemi "shuka zaidi, usiogope". Husema, "ukipenda inua mkono, usipopenda uache ulipo." Macho nayo ni yako: fumbua, tazama mlango ulipo. Kabla ya kulipa muulize, "Nikitaka kuishia katikati, itakuwaje?" Akianza kukuhubiria nidhamu, rudi na hela yako nyumbani.

Shikamoo mama. Mama mkwe anasema yoga ni kuabudu miungu.

Marahaba, mwanangu. Asili yake ni India, tena ndani ya dini za kule. Hilo mama mkwe hakukosea. Ila kukaa kitini na kutoa pumzi polepole hakukudai imani yoyote. Wakianza kuimba Kisanskriti na wewe hutaki, nyamaza tu. Nyumbani yaite mazoezi ya viungo, na yeye mwenyewe mkaribishe. Magoti yake yatashukuru.

Lazima ninunue mkeka maalumu?

Hapana. Mkeka wa ukindu au khanga iliyokunjwa inatosha. Fanyia ndani, upepo wa Dodoma wa Agosti utakulisha vumbi bure.

Mazoezi yote nayaweza, ila tukiambiwa mwishoni tulale chali ndipo hofu inaponishika, wakati mwingine nalia.

Basi usilale. Kaa, egemeza mgongo ukutani, au jilaze ubavu ukitazama mlango. Wengi waliowahi kuumizwa hukwama hapo hapo, kwa kuwa kulala chali kunaacha kifua na tumbo wazi. Machozi ya mara moja moja yasikutishe. Lakini tukio likianza kukurudia kama linatokea sasa, au usingizi ukikatika usiku kwa usiku, simamisha mazoezi umwone mtaalamu wa afya ya akili kwanza.