Kila mmoja na kikopo chake

SWALI: Mwanangu ana miaka miwili na miezi minne. Mtoto wa jirani akija, kila mmoja hujaza mchanga kwenye kikopo chake, wamekaa bega kwa bega, lakini hawasemezani. Wakikutana ni kunyang'anyana tu. Je, ana kasoro?

JIBU: Hana, mama. Hivyo ndivyo watoto wa umri huo wanavyocheza. Mtafiti Mmarekani Mildred Parten, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1932, aliuita mchezo wa sambamba: watoto wako pamoja, vifaa ni vilevile, ila kila mtu na lake.

Watazame dakika tano bila kuwaingilia. Mmoja akianza kugonga kikopo kwa kijiko, mwenzake huinua macho, hutulia kidogo, kisha naye hugonga. Kuigana huko ndiko kunakowavuta kwenye kucheza pamoja, na wala hakuhitaji maneno.

Kunyang'anyana kunatokea kwa sababu bado hawezi kuzuia hamu yake, na kikopo kilicho mkononi mwa mwenzake ndicho kinachoonekana kitamu zaidi. Weka vikopo viwili vya rangi moja na ukubwa mmoja. Kile anachokipenda kupita vyote kifiche kabla mgeni hajafika. Mgeni awe mmoja, kwa nusu saa hadi saa moja, wote wakiwa wameshiba na hawana usingizi. Ugomvi ukizuka, shika kikopo chenyewe, usimshike mtoto, useme kwa ufupi: "Mwenzako anatumia. Akimaliza, zamu yako." Kisha ubaki hapo mpaka zamu ifike kweli. Wazazi wengi humpokonya mwenyeji ili kumpa mgeni. Hapo mtoto hujifunza kwamba mwenye nguvu ndiye anayechukua.

Kufikia miaka mitatu wengi huanza kuwafuata wenzao na kuazimana vitu. Wakiwa na minne hujifanya mama, daktari au simba. Kwenye mitano huweza kufuata kanuni na kusubiri zamu. Lakini hatua mpya haifuti ya zamani: mtoto wa miaka mitano anayejenga nyumba ya vibao peke yake, ametulia, yuko salama kabisa. Mpeleke kliniki kama haitikii akiitwa jina, haonyeshi vitu kwa kidole ingawa amepita miezi 18, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Usingoje akue.

SWALI: Binti yangu wa miaka minne husimama pembeni akitazama wenzake, haingii. Nimsukume?

JIBU: Usimsukume, na usimfundishe kuuliza "Naweza kucheza?", kwani swali hilo ni rahisi mno kujibiwa "Hapana". Kutazama ni kusoma mchezo. Mwulize kwa sauti ya chini: "Wanafanya nini pale?" Akisema wanauza duka, mpe kikapu aende kama mteja. Anayeleta kitu ambacho mchezo unakihitaji hupokelewa upesi kuliko anayeomba ruhusa. Akikataa, kaa naye mtazame pamoja. Jaribu tena siku nyingine wakiwa wawili tu, maana kundi la watoto watano ni gumu kuingilika hata kwa mchangamfu.