Maswali ya Wasomaji: Nisome Sheria Kabla Chuo Hakijafunguliwa?

Safari hii safu tumewaachia wanasheria na walimu wa sheria. Barua za vijana waliomaliza skuli zimekuwa nyingi, na wazazi nao hawakubaki nyuma.

Assalaam alaykum. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na nasubiri kwenda kusoma sheria Dar es Salaam. Kaka yangu kaniachia kasha zima la madaftari yake ya chuo na nimeshaanza kuyahifadhi. Rafiki zangu wananambia najichosha bure. Nani mkweli?
*Msomaji, Chake Chake*

Waalaykum salaam. Rafiki zako wamepatia nusu. Kuhifadhi madaftari ni kujichosha bure, lakini kukaa tangu mitihani ya Mei hadi chuo kifunguliwe bila kushika kitu nako kuna gharama yake. Mwaka wa kwanza wa sheria haumwangushi mtu kwa sababu haijui sheria. Siku ya kwanza hakuna anayeijua. Unamwangusha kwa sababu hawezi kusoma kurasa nyingi za Kiingereza kizito kwa usiku mmoja, na hawezi kuandika jawabu lenye mpangilio. Hayo mawili ndiyo ya kufanyia kazi sasa. Masomo yenyewe yaachie chuo.

Tuanze na hilo kasha. Fungua daftari la jinai. Ukikuta "Sheria ya Adhabu Na. 6", tazama mwaka. Zanzibar ilikuwa na Sheria ya Adhabu Na. 6 ya 2004, ikafutwa na Sheria ya Adhabu Na. 6 ya 2018. Namba ni ile ile, sheria ni nyengine. Ya Mwenendo wa Jinai nayo ni hivyo hivyo: Na. 7 ya 2004, kisha Na. 7 ya 2018. Na ikiwa kaka yako alisoma Dar, huenda usizikute kabisa. Utakuta Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo ni ya Bara. Hizo za Bara nazo zimefanyiwa urekebu, yaani zimepangwa upya pamoja na marekebisho yake, na Toleo la 2023 limeanza kutumika Julai 1, 2025. Kwa hiyo usinukuu namba ya kifungu kutoka daftari la zamani bila kuilinganisha na toleo jipya. Aliyehifadhi kitu kilichofutwa ana kazi mara mbili, kwani hana budi akisahau kwanza.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Unguja na Pemba anapopata mzigo ambao mwenzake wa Morogoro hana. Jinai, ardhi, ndoa na mirathi si mambo ya Muungano, kwa hiyo kila upande una sheria zake. Ardhi kwetu inatawaliwa na Sheria ya Umilikaji Ardhi Na. 12 ya 1992. Bara wana Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Mhadhiri wa Dar atakufundisha ya huko bila kukukumbusha kwamba kwenu si hivyo, na wala si wajibu wake. Mwanafunzi asiyelijua hili humaliza shahada, akarudi nyumbani, akamnukulia mteja sheria isiyovuka bahari.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza kusoma ni Katiba, na kwako wewe ni mbili: ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 na ya Zanzibar ya 1984. Zote zipo kwa Kiswahili, basi hakuna kisingizio. Katika ya Muungano, nenda mwishoni, Nyongeza ya Kwanza, palipoorodheshwa mambo 22 ya Muungano. Iandike orodha hiyo kwa mkono na uibandike ukutani. Kila utakaposikia sheria imetungwa Dodoma, jiulize kama jambo lake limo humo. Katika ya Zanzibar, usiruke kifungu cha 99. Kinataja mashauri ambayo Mahakama ya Rufani ya Tanzania haina mamlaka nayo, na miongoni mwake ni tafsiri ya Katiba ya Zanzibar yenyewe na mambo ya Kiislamu yaliyoanzia Mahakama ya Kadhi. Ukishamaliza kwa Kiswahili, soma vifungu vile vile kwa Kiingereza, kwa sababu ndicho utakachofundishiwa na kufanyia mtihani.

La pili, jifunze kukisoma kifungu. Chukua cha 10 cha Sheria ya Mikataba ya Bara, Sura ya 345. Kinasema makubaliano yote ni mkataba ikiwa yamefanywa kwa hiari ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa badali halali, yaani kila upande utoe kitu, na kwa lengo halali, na ikiwa sheria hiyo haikuyatangaza kuwa batili. Wengi hukisoma mara moja wakasema "nimefahamu". Hujafahamu mpaka ukivunje. Andika mistari mitano, kila mmoja uwe suali: hiari ipo? uwezo upo? badali ipo na ni halali? lengo ni halali? pana pahala sheria imeyabatilisha? Kisha angalia viunganishi. Hapa ni "na", maana yake ukikosekana mstari mmoja hakuna mkataba. Kingekuwa "au", mmoja ungetosha. Sasa weka tukio: kijana wa miaka 16 kakubali kumuuzia jirani pikipiki aliyorithi. Mstari unaogomba ni wa uwezo, na kifungu cha 11 ndicho kitakachokupeleka kwenye umri na akili timamu. Mifano kama hii miwili mitatu kwa wiki inakutosha.

La tatu, na ndilo wengi hawalifanyi kabisa, ni kusoma hukumu. Zipo bure mtandaoni kwenye TanzLII, na za Zanzibar zipo ZanzibarLII. Chukua moja kwa wiki, isizidi kurasa kumi na tano mwanzoni. Isome mara mbili. Mara ya kwanza usiandike kitu. Mara ya pili andika, kwa ukurasa mmoja tu: nani anamdai au kumshitaki nani, nini kilitokea, mahakama iliulizwa nini, imejibu nini, na kwa sababu gani. Hilo la sababu ndilo wanasheria wanaloliita *ratio decidendi*, na ndilo linalozifunga mahakama za chini, yaani hazina budi kulifuata. Mengine ambayo jaji kayasema njiani, hata yakiwa matamu vipi, ni *obiter dictum*.

Jaribu na kesi ya SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2000. Washitakiwa walikuwa wanakabiliwa na shitaka la uhaini. Suali: uhaini unaweza kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar? Jawabu: hauwezi. Sababu: uhaini ni kosa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano. Mistari minne, na hukumu umeishika. Tunajua kesi hii barazani haimalizwi kwa mistari minne, na kila mtu ana lake la kusema juu ya Muungano. Kwenye mtihani maoni yako yana nafasi, ila baada ya kuonesha kwamba unajua mahakama imesema nini na kwa nini. Anayeanza na maoni hupoteza alama zote za mwanzo.

Jizoeshe pia kuisoma anuani ya kesi. *Donoghue v Stevenson* [1932] AC 562: mwaka uliomo ndani ya mabano ya mraba ndio unaokuonesha juzuu, AC ni jina la mfululizo wa ripoti, na 562 ni ukurasa inapoanzia. *Rylands v Fletcher* (1868) LR 3 HL 330: mabano ni ya mviringo, kwa sababu juzuu ina namba yake, 3, na mwaka ni taarifa tu. Mwanafunzi asiyeijua tofauti hii huzunguka maktaba asubuhi nzima.

Mwisho ni kuandika. Jawabu la suali la tukio lina hatua nne: suali la kisheria ni lipi, sheria inasemaje, sheria hiyo inalikamata vipi tukio hili, na hitimisho. Karibu kila mwanafunzi mpya huijaza hatua ya pili kurasa tatu, akaipa ya tatu mistari miwili. Msahihishaji anazitafuta alama kwenye ya tatu, kwani sheria iko kitabuni na kila mtu anaweza kuinakili. Andika jawabu moja kwa wiki kwa mkono, kwa Kiingereza, kwa dakika arubaini, bila simu karibu.

Saa moja na nusu kwa siku inatosha. Saa zinazobaki pumzika, rafiki zako hapo wana haki yao.

Binti yangu amepata nafasi ya kusoma sheria. Kuna kijana kaniletea orodha ya vitabu vya zaidi ya laki tatu na nusu, anasema bila hivyo atabaki nyuma. Ninunue?
*Mama wa mwanafunzi, Makunduchi*

Usinunue, mama. Subiri binti apewe mpangilio wa kozi wiki ya kwanza. Humo mhadhiri hutaja kitabu anachokitumia na toleo lake. Vingi vinavyouzwa mapema ni vya sheria ya Uingereza. Vina faida katika kufahamu kanuni, lakini si sheria yetu. Kwa Bara, sheria ya Uingereza iliyopokelewa, yaani iliyochukuliwa itumike huko, ni ile iliyokuwepo hadi Julai 22, 1920. Kesi ya *Donoghue* tuliyoitaja hapo juu, ya 1932, imekuja baada ya hapo: mahakama zetu huisikiliza kwa heshima, ila haizifungi. Kitabu cha London hakitamwambia hilo.

Fedha hiyo itafanya kazi zaidi kwenye kompyuta ya mkononi iliyotumika lakini nzima, bando la intaneti la kupakulia hukumu, nakala zilizochapwa za Katiba zote mbili, na kamusi moja nzuri ya Kiingereza. Kamusi ya Kilatini hapana. Maneno ya Kilatini anayoyahitaji mwaka wa kwanza hayafiki thelathini, na atayapata darasani.

Jengine, hakikisha jina lake limeandikwa sawasawa kwenye cheti cha kuzaliwa na vyeti vya skuli. Herufi moja ikitofautiana, mambo ya mkopo na usajili hukwama, na kulirekebisha huchukua muda kuliko kusoma kitabu chochote.

Nimesoma madrasa hadi kitabu cha mirathi na mafungu yote nayajua. Yatanisaidia kwenye shahada ya sheria?
*Msomaji, Wete*

Yatakusaidia, tena kuliko unavyodhani, ila si kwa njia unayoitarajia. Kwamba mke hupata thumuni akiwepo mtoto na robo asipokuwepo, utakuwa unayajua wakati wenzako bado wanapiga hesabu. Zaidi ya hapo, aliyezoea kuulizwa dalili ya kila kauli hasumbuki anapotakiwa ataje kifungu au kesi.

Kinachokwamisha wanafunzi wa madrasa ni mamlaka. Mwalimu wa sheria hakuulizi fungu la mke kwanza. Anakuuliza shauri linafunguliwa mahakama gani na kwa sheria ipi. Zanzibar ni Mahakama ya Kadhi, chini ya Sheria Na. 9 ya 2017, iliyofuta ile ya Na. 3 ya 1985. Daftari likikutajia ya 1985, lifunge. Bara hakuna mahakama ya kadhi yenye mamlaka ya kidola, na ndoa huko zinatawaliwa na Sheria ya Ndoa Na. 5 ya 1971, ambayo huku haitumiki. Basi soma sheria hiyo ya 2017 kabla ya kwenda chuo, si ndefu, na ukimaliza irudie Katiba ya Zanzibar kifungu cha 99.

Nimeshamaliza shahada na nataka kujiunga na mafunzo ya uanasheria kwa vitendo Dar. Na huko pia nisisome mapema?
*Mhitimu, Mjini Unguja*

Huko soma. Taasisi ya mafunzo hayo (Law School of Tanzania), iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, haikufundishi mkataba ni nini. Inakutaka uandike nyaraka na usimame mbele ya mahakama ya mazoezi. Anayeingia akiwa hajui mwenendo, yaani taratibu za kuendesha kesi, hupitwa mapema. Soma Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, na ya Ushahidi, Sura ya 6. Zote ni za Bara. Za Zanzibar ziweke kando kwa sasa, usizichanganye, hata kama ndizo utakazofanyia kazi.

Kisha andika. Anza na hati ya madai, Amri ya VII kanuni ya 1 ikiwa mbele yako: jina la mahakama, majina na anuani za wadaawa (pande mbili za kesi), mambo yanayounda chanzo cha madai na lini yalitokea, mambo yanayoipa mahakama mamlaka, nafuu unayoomba, na thamani ya shauri. Thamani na mamlaka ndivyo vinavyosahaulika zaidi, na ndivyo mpinzani anavyoviwekea pingamizi la awali.

Hati ya kiapo ifanyie mazoezi zaidi ya zote, kwa sababu ni fupi na inaonekana rahisi. Iwe na mambo ya kweli tu anayoyajua muapaji. Hoja, sheria na maombi havina pahala humo. Aya ya uthibitisho iseme lipi analijua mwenyewe na lipi kaambiwa, na nani kamwambia. Na pale chini panapoapiwa, kamishna wa viapo aandike mahali na tarehe kilipofanyika kiapo. Sheria ya Bara ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, inalitaka hilo waziwazi, na kukosekana kwake kumeshaangusha maombi mengi mahakamani.