Mustang, Challenger au PT Cruiser? Jibu la fundi bodi kwa aliyeuliza kuhusu magari mapya yenye sura ya zamani

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema upo Ohio, una hela ya gari moja lililotumika, na moyo umekwama kwenye haya magari ya Kimarekani yaliyotengenezwa juzi lakini sura zake ni za enzi za babu zetu: Ford Mustang ya 2005 hadi 2009, Dodge Challenger, au Chrysler PT Cruiser. Shemeji yako kakwambia ni mbwembwe za mauzo tu. Mimi nanyoosha bodi na kupiga rangi huku Michigan, pembeni ya Detroit, mwaka wa kumi na tatu sasa, na kazi hii nilijifunzia mtaa wa Gerezani, Dar. Yote matatu nimeyafungua mpaka nikaona mbavu zake, na Mustang ya 2006 ninayo nyumbani. Kaa mkao wa kusoma, kuna mengi.

Shemeji ana nusu ya ukweli. Biashara ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Mwaka 1994, J Mays na Freeman Thomas walileta kwenye maonyesho ya Detroit gari la mfano la Volkswagen walilolichora California, lenye mgongo wa mviringo kama Beetle ya zamani. Watu wakalipenda mno, likaishia kuingia kiwandani. Baada ya hapo kila kampuni ya Marekani ikafungua makabati yake: Plymouth Prowler 1997, PT Cruiser mwaka 2000, Ford Thunderbird ya 2002, Chevrolet SSR 2003. Mays mwenyewe alishahamia Ford, na ndiye aliyekuwa mkuu wa usanifu Mustang ya 2005 ilipochorwa.

Lakini hayo magari hayafanani, na hapo ndipo shemeji anapokosea. Kuna yaliyochukua pambo la zamani na kuna yaliyochukua umbile. Pambo ni dirisha la duara, ni kromu, ni beji. Umbile ni boneti ina urefu gani ukilinganisha na buti, magurudumu yamekaa wapi, paa linashukaje. Pambo unaweza kulibandua kwa bisibisi. Umbile likikosewa, hakuna fundi wa kulirekebisha.

Chukua Thunderbird. Paa lake la kuvua lina madirisha ya duara kama ya 1956, na ni gari zuri la kutembelea jioni. Ila lilitegemea sana mnunuzi awe na kumbukumbu ya lile la 1955. Waliokuwa nayo walinunua, foleni ikaisha, na kufika 2005 likasimamishwa. Kijana aliyezaliwa 1980 alikuwa haoni sababu ya kulitamani.

Mustang ni habari nyingine. Ya kwanza ilionyeshwa New York tarehe 17 Aprili 1964: boneti ndefu, buti fupi, kabini imesogea nyuma kama mtu aliyeegemea kiti. Kuanzia 1974 umbile hilo lilipotea, na kwa miaka karibu thelathini jina tu ndilo lilibaki Mustang. Waliochora ya 2005 walirudi kwenye umbile lenyewe. Pua inainama mbele kama papa, farasi yupo katikati ya grili, na kwenye GT, ile yenye injini kubwa, kuna taa mbili za ukungu ndani ya grili hiyo hiyo kama GT za miaka ya 60. Nyuma, mistari mitatu ya taa iliyosimama wima kila upande. Usiku ukiwa nyuma yake barabarani, unaijua kabla hujasoma kitu.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ipo ubavuni, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndiyo itakayokuokoa wakati wa kununua. Kuna mkunjo unaoanzia madigadi ya mbele, unapita mlangoni, halafu kabla ya gurudumu la nyuma unageuka na kurudi mbele kwa chini. Unaacha bonde la kina kifupi kwenye bati. Pitisha kiganja taratibu: juu ni kali kama ukingo wa sinia, katikati inazama, chini inalainika. Bonde hilo lilikuwepo kwenye gari la 1964. Kila Agosti huwa tunaenda Woodward, ile barabara inayotoka Detroit kuelekea Pontiac, siku ya maandamano ya magari ya zamani yaliyoanza 1995. Wazee wanakaa pembezoni na viti vyao vya kukunja tangu asubuhi. Mwaka fulani mzee mmoja mwenye Mustang ya 1967 aliegesha karibu yangu, akaweka kiganja kwenye ubavu wa gari langu, akatembea hadi lake akaweka kiganja pale pale. Akafanya hivyo tena, kisha akatikisa kichwa kwa kukubali. Hakusema kitu, na mimi nilimwelewa.

Sasa nikwambie nilivyolipata gari lenyewe. Nililinunua kwa muuzaji mmoja wa magari yaliyotumika, siku ya mawingu, nimeshikwa na hamu. Aliniambia halijawahi kugongwa. Siku ya tatu jua la jioni likalipiga ubavu wa kulia, nikaona ule mkunjo umelegea. Upande wa kushoto ulikuwa mkali. Wa kulia ulikuwa kama sabuni iliyotumika. Nikachukua sumaku ndogo nikaifunga kwenye kitambaa nisikwaruze rangi, nikaitembeza. Mlangoni inashika. Nyuma ya mlango inateleza na kuanguka. Nilipokwangua nilikuta puti, lile tope la kuzibia mabonde ya bati, nene kama kidole, na chini yake bati limekunjwa na kuachwa hivyo hivyo. Na pale bati ni kipande kimoja kikubwa kilichochomelewa, kinatoka kwenye mlango mpaka taa za nyuma. Ilinibidi kukikata chote na kuchomelea kingine, jioni za wiki tano baada ya kazi. Kwa hiyo mkuu, usinunue gari hili siku ya mawingu, na nenda na sumaku. Ila fahamu boneti ya Mustang ya 2005 hadi 2009 ni ya aluminiamu, sumaku haitashika hata kama haijaguswa. Pale unatafuta malengelenge ya rangi kwenye ukingo wa mbele, ndiyo kutu ya aluminiamu.

Chini ya bodi shemeji asikudanganye. GT ina injini ya V8 (silinda nane) ya lita 4.6 yenye nguvu farasi 300, na ya V6 (silinda sita) lita 4.0 ina 210. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, kwa hiyo kwenye kona yenye mashimo mkia unarukaruka; zile za kujitegemea kila gurudumu zilikuja na toleo la 2015. Ukichukua V8, uliza kama plagi zilishabadilishwa. Za miaka ya mwanzo ni za vipande viwili, zikikaa muda mrefu hung'ang'ania na kukatikia ndani ya kichwa cha injini, na kuzitoa ni kazi ya fundi mvumilivu. Na kama una mpango wa kulipeleka nyumbani siku moja, elewa kuwa Mustang ya usukani wa kulia kutoka kiwandani ilianza na kizazi hicho cha 2015. Hizi zote unazoziangalia ni usukani wa kushoto.

Challenger. Ilionyeshwa kama mfano Januari 2006 na kuanza kuuzwa 2008, ikiunganishwa Brampton, Kanada, mpaka mwisho wa 2023. Hii ndiyo iliyomfuata mzazi wake, Challenger ya 1970, kwa karibu kuliko zote: taa nne za duara mbele, bega linalopanda juu ya gurudumu la nyuma, taa za nyuma zilizotanda. Shida ni kwamba chasisi yake ilitokana na ile ya gari la familia la milango minne, wakaifupisha kidogo tu. Ndiyo maana ina zaidi ya mita 5 na ni ndefu kuliko ile ya 1970. Ukisimama karibu unaona kama mtu aliyepiga picha ya zamani akaikuza. Kwangu hilo si kosa, ukubwa unaipa heshima yake, na watu wa kawaida wanakaa nyuma bila kukunja magoti mpaka kidevuni. Ilibaki na sura ile ile miaka 15, na mwaka 2021 ikauza kuliko Mustang hapa Marekani. Ukiitaka ya V6, kimbia lita 3.5 ya mwanzo, mzigo ni mkubwa kwake. Tafuta ya 2011 kuendelea yenye lita 3.6 na farasi 305. Ukiweza kufika 2015, dashibodi ni bora na giaboksi ni ya gia nane.

Camaro ya Chevrolet hukuitaja, na nafurahi. Ile ya 2010 iliyofuata sura ya 1969 ni nzuri ukiwa nje. Ukiingia, madirisha yamebanwa, mlango unakufika begani, na kurudi nyuma kwenye maegesho unaomba Mungu. Magari ya zamani yalikuwa na nguzo nyembamba na vioo vikubwa. Siku hizi nguzo lazima zibebe paa gari likipinduka na kuficha mifuko ya hewa. Kila mchoraji wa sura ya zamani anapigana na jambo hilo, na kwenye Camaro vioo ndivyo vilivyoshindwa.

PT Cruiser watu wanaidharau na mimi sikubali. Bryan Nesbitt aliichora kwa kuangalia magari ya miaka ya 30, madigadi yametuna, paa refu. Ndani viti vya nyuma vinatoka vyote, unabaki na sakafu tambarare. Serikali iliihesabu kama lori dogo kwa sababu hiyo. Rafiki yangu amebebea unga na mafuta ya duka lake miaka sita. Ila ilimalizika 2010, zilizobaki zimechoka, mkanda wa taimingi lazima ujue ulibadilishwa lini, na injini imebanana kiasi kwamba fundi atakutoza muda mwingi.

Kwa hiyo kama ni gari la kila siku na una watoto, Challenger ya 2011 kwenda juu. Kama ni gari la moyo, Mustang, hata ya V6, maana ubavu ni ule ule. PT Cruiser chukua tu kama bei ni ya kutupwa na una mizigo ya kubeba.

Yoyote utakayoipata, Ohio wanamwaga chumvi barabarani kama huku, kwa hiyo piga magoti uangalie chini ya milango na ndani ya upinde wa magurudumu ya nyuma. Ukishaliona gari, tupia humu picha za ubavu, pande zote mbili, zilizopigwa jua likiwa chini. Nitaziangalia nikitoka kazini.