Uzamili wa haki ya mpito si ICC peke yake

Unauliza kama uzamili wa haki ya mpito, yaani namna nchi inavyoshughulikia unyama wa zamani baada ya vita au udikteta, ni kusoma tu kesi za ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague? Hapana, huko hawasomi kesi hizo tu. Mashtaka ni sehemu moja. Nyingine ni kutafuta ukweli, kulipa fidia, na kurekebisha polisi, jeshi na mahakama ili unyama usijirudie. Msingi wake ni kanuni za kupambana na ukwepaji adhabu za Louis Joinet, mwanasheria Mfaransa, zilizowasilishwa Umoja wa Mataifa mwaka 1997, na mtaala wowote wa maana utaanzia hapo au karibu na hapo.

Angalia Rwanda. ICTR, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia mauaji ya kimbari ya 1994, kule Arusha ilishtaki watu 93 tu, wengi wao vigogo. Gacaca, mahakama za jamii zilizoendeshwa na wananchi na kufungwa 2012, zilipitia kesi zaidi ya milioni moja, ingawa zililaumiwa sana kwa sababu washtakiwa hawakuwa na mawakili. Sasa ipi ilitenda haki? Swali hilo moja linakula wiki kadhaa za semina. Kwa Kenya utakutana na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013, halafu mfuko wa fidia wa shilingi bilioni 10 uliotangazwa na Rais Uhuru bungeni 2015. Kutangaza ni rahisi, kulipa ndiyo kazi.

Ila angalia masharti ya kujiunga: LLM (uzamili wa sheria) kwa kawaida inadai uwe na shahada ya kwanza ya sheria. Kama huna, tafuta chuo chenye njia ya MPhil (uzamili ulio wazi kwa wasio wanasheria), mfano Pretoria kwenye programu yao ya haki za binadamu na demokrasia Afrika.