Tayarisheni choo kwanza, kitanda baadaye

Siku niliyopewa ruhusa, mzee wa kitanda cha pili, ambaye kwa wiki saba tulikuwa tukigawana chai na malalamiko, aliniambia, "Nenda mwanangu, na usirudi." Nikacheka. Saa tatu baadaye nilikuwa kwenye kochi la dada yangu huko Mbagala, jasho linanitoka, nikiwaza nitasemaje mbele ya wageni kumi na mmoja kwamba nimebanwa na haja.

Nilivunjika paja kwenye ajali ya bodaboda. Wiki tano za kwanza nililala nimefungiwa uzito wa kuvuta mguu, nasubiri zamu ya upasuaji. Nikawekewa chuma ndani ya mfupa, nikabaki wiki mbili zaidi kwa sababu kidonda kilikuwa kinatoa majimaji. Muda wote huo kila kitu kinakufuata kitandani: dawa, uji, maji ya kuoga, hata chombo cha haja. Unasahau kabisa kwamba huko nje mtu anakwenda mwenyewe.

Dada alikuwa amejiandaa, Mungu ambariki. Shuka mpya, neti mpya, feni ameihamishia kwangu watoto wakabaki na joto lao. Lakini choo kiko uani: hatua ishirini na kitu, ngazi mbili, sakafu ya saruji iliyolowa, na ni cha kuchuchumaa. Goti langu wakati huo halikunji hata nusu. Usiku ule shemeji alinibeba, na yaliyofuata siyasimulii.

Kwa hiyo, kama una mgonjwa wa mguu au nyonga anayekaribia kuruhusiwa, achana kwanza na mambo ya shuka. Chukua fimbo, simama kwa mguu mmoja, toka kitandani mpaka chooni. Utayaona mwenyewe: zulia linalojikunja, kizingiti, ndoo iliyowekwa njiani, kona isiyo na taa. Sisi tulijaribu kukata tundu kwenye kiti cha plastiki, kikapasuka siku ya pili nikiwa nimekikalia. Fundi seremala wa mtaani ndiye aliyetuokoa, akatengeneza kiti cha mbao chenye tundu, miguu mipana, na mikono ya kushikia. Kipimwe kwa urefu wa mgonjwa, maana kikiwa kifupi kunyanyuka ni mateso. Usiku tumia kopo lenye mfuniko, usione haya. Na magongo yaangalieni raba zake za chini. Zikiisha, kwenye saruji yenye maji unateleza kama uko kwenye sabuni. Kwenye ngazi, nilivyofundishwa wodini: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, yanatangulia magongo na mguu mgonjwa.

Kosa langu kubwa lilikuja baada ya hapo. Kwa kuwa choo kilikuwa mbali na nilichoka kumwamsha shemeji, nilianza kunywa maji kidogo. Nusu glasi asubuhi, nusu jioni. Kumbe dawa nilizokuwa nazo za maumivu, tramado, zenyewe hufunga choo. Siku ya tano tumbo limekuwa ngoma na hamu ya chakula imekwisha, na mama aliyetoka Korogwe na supu yake ya makongoro anadhani nimemdharau. Kunyweni maji. Papai, mboga za majani, maharage. Na kama siku zinapita bila choo, mwambieni mhudumu wa afya mapema, msione ni jambo dogo la kuchekesha.

Kabla hujatoka wodini usikubali kupewa karatasi tu. Uliza, "Mguu huu nikanyagie au nisikanyagie? Mpaka lini?" Mimi niliambiwa nisikanyagie kabisa, mwenzangu mwenye chuma kama changu akaambiwa akanyagie kidogo kuanzia siku ya kwanza. Mifupa haifanani, kwa hiyo usifuate ya jirani. Uliza pia kidonda kitasafishwa wapi na nyuzi zitatolewa lini. Karatasi zote zipige picha kwa simu. Yangu moja ililoweshwa na chai ya wageni.

Wageni wenyewe, mpe mtu mmoja mwenye sauti nyumbani kazi ya kuwapangia saa. Wewe huwezi kumwambia mjomba aondoke.

Shangazi yangu alikuja na maji ya moto na mafuta, anataka kuukanda mguu. Kwa upendo kabisa. Sikubishana naye, nilimwambia, "Shikamoo shangazi, daktari kanikataza kukandwa mpaka kliniki," akamlaani daktari, mimi nikabaki mtoto mzuri. Na kweli haifai: aliyelala muda mrefu damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu, na kipande kikikatika kikafika mapafuni kinaua. Shavu la mguu likivimba na kuuma, likawa la moto, usisubiri kesho, nenda hospitali. Ukibanwa kifua ghafla au pumzi ikakatika, ni saa ileile. Homa, usaha au harufu kwenye kidonda navyo havingoji tarehe ya kliniki. Mguu kuvimba kidogo jioni kwa kuuning'iniza mchana, ukapungua ukiupandisha juu ya mito, hilo wengi tumelipitia.

Mazoezi ya goti yanauma. Fanya tu.

Jambo ambalo sikutegemea ni kwamba wiki ya tatu niliikumbuka wodi. Nyumbani wote wazima, wanatoka asubuhi, unabaki na ukuta na redio. Nililia siku moja kwa sababu kijiko kilianguka na sikuweza kukiokota. Nilimpigia simu yule mzee, bado yuko kitandani kwake, tukawasengenya watu wa chakula nusu saa nzima. Nikalala vizuri siku hiyo.

Kliniki ya wiki ya sita daktari aliiangalia picha ya eksirei, akasema nianze kukanyagia kidogo kidogo. Tulirudi kwa bajaji. Nilishuka na magongo yangu, nikapita sebuleni bila kumsalimia mtu, nikaenda uani peke yangu, nikafunga mlango. Baada ya dakika ishirini shemeji alikuja kugonga, anauliza kama niko salama. Nikamwambia, "Shemeji, niache kwanza."