Wanaoandika kwa kidole kimoja

SWALI: Mhariri, ninafundisha vijana 12 kutumia kompyuta, nasi tunazo 4 tu. Wanatamani kuandika katika Wikipedia ya Kiswahili, ilhali baadhi yao bado hutafuta herufi kwa kidole kimoja. Je, niwazuie kwanza? Mwalimu, Muheza.

JIBU: Mwalimu, usiwazuie, kwa kuwa kidole huzoea kibodi upesi zaidi kikiwa na sentensi ya kweli ya kuandika kuliko kikirudia mazoezi matupu. Waketi watatu watatu, mmoja akiandika, wa pili akimsomea na wa tatu akikagua tahajia, kisha wabadilishane. Wafungulie akaunti mapema: mtandao mmoja huruhusiwa kufungua akaunti 6 tu kwa siku, hivyo darasa lako litahitaji siku mbili.

Waanze na makala iliyopo, tuseme ya wilaya yenu, wasahihishe sentensi moja na kueleza kwa ufupi walichobadilisha kabla ya kuchapisha. Jina likizungushiwa mabano ya mraba mawili kila upande, mfano [[Tanga]], hugeuka kiungo cha kufungua ukurasa wenye jina hilo. Likitokea jekundu, ama ukurasa huo haujaandikwa, ama herufi imekosewa. Wakiharibu, historia ya ukurasa huhifadhi matoleo ya awali, na kosa hutenguliwa.

Ukali wako uweke kwenye kunakili. Aya iliyobandikwa kutoka gazetini huvunja hakimiliki na itafutwa, na masimulizi ya babu, hata yakiwa ya kweli, hayatoshi bila chanzo kilichochapishwa.