Chagua kwanza: kinywa au uke? Ushauri kwa anayetaka kusomea kinga dhidi ya fangasi

Wengi wanaoingia kwenye utafiti huu huanza na swali pana kupita kiasi: mwili unajikingaje na fangasi Candida albicans? Swali hilo halina jibu moja, na anayelibeba hivyo hivyo huishia na data zinazopingana zenyewe kwa zenyewe. Amua mapema ni utando upi (ngozi laini ya ndani, kama ya kinywa au ya uke) unaousoma. Fangasi ni ile ile, lakini kinga inayookoa kinywa siyo inayoamua mambo ukeni, na kinachosaidia huku kinaweza kuwa ndicho kinachoumiza kule.

Kinywani picha iko wazi. Seli T (seli nyeupe za kinga) za kundi la Th17, zikisaidiwa na seli za kinga ya asili, hutoa interlukini-17 (IL-17), protini inayopeleka ujumbe kati ya seli. IL-17 haiui fangasi yenyewe. Inaziamsha seli za utando zitengeneze difensini (protini ndogo zinazoua vijidudu) na ziite neutrofili (seli nyeupe zinazokuja kupigana), na hizo ndizo zinazofanya kazi ya kuua. Mwaka 2011 waliripotiwa watu wenye hitilafu kwenye jeni za IL-17F, mojawapo ya aina za IL-17, na IL-17RA, kipokezi chake, wanaosumbuliwa na fangasi zisizokoma. Wagonjwa wa soriasisi (ugonjwa wa ngozi) wanaopewa dawa za kuzuia IL-17, kama secukinumab, nao hupata fangasi za mdomo mara nyingi zaidi, ingawa kwa kawaida ni nyepesi. Na kila anayehudumia watu wenye VVU anayajua yale mabaka meupe ya kinywani yanayotokea CD4, yaani seli T zinazoshambuliwa na VVU, zikishuka chini ya 200.

Ukeni hadithi inageuka. Kushuka kwa CD4 hakuleti fangasi za ukeni kwa kiwango kile kile. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wanawake waliojitolea waliwekewa Candida hai, na waliopata dalili ndio waliokuwa na neutrofili tele. Yaani askari walifika, tena wengi, wakashindwa kuua na kuacha uharibifu. Kwa hiyo usiulize ni kinga gani iliyopungua. Uliza nani anaziita neutrofili, na kwa nini zikifika hazifanyi kazi. Sehemu ya jibu ni candidalysin, sumu ya asidi amino 31 inayotoka kwenye jeni ECE1, iliyoelezwa mwaka 2016. Hutolewa fangasi inapoota nyuzi, yaani chembe zake zinaporefuka kama uzi, na hutoboa seli za utando. Ukisoma eneo hili bila kuwa na mbegu (ukoo wa fangasi unaotunzwa maabara) isiyo na ECE1 kwenye friza yako, unajinyima kipimo cha maana sana.

Sasa twende mezani, maana kazi nyingi huharibikia hapo. Toa mbegu kwenye friza ya nyuzi joto 80 chini ya sifuri kila unapoanza jaribio jipya. Usihamishe kutoka sahani ya kuoteshea hadi sahani kwa miezi: kromosomu za Candida hubadilika kirahisi, na utakuja kupima mbegu ambayo si ile uliyoianza. Chukua koloni moja (doa la fangasi lililoota kwenye sahani), iweke kwenye mililita 5 hadi 10 za YPD, mchuzi wa kuoteshea fangasi, nyuzi joto 30, ikitikiswa usiku mzima. Osha mara tatu kwa PBS (maji ya chumvi ya maabara), hesabu kwenye kioo cha kuhesabia seli, kisha mwaga kiasi kilichozimuliwa kwenye sahani uhakikishe dozi uliyodhani umetoa ndiyo iliyotoka. Nyuzi joto 30 si pambo. Ukiiacha kwenye 37 baadhi ya chembe huanza kuota nyuzi, zinashikana, na fundo la chembe hamsini linatoa koloni moja tu.

Kosa hilo hilo linakungoja mwishoni mwa jaribio. Unaposaga ulimi wa panya uliojaa nyuzi, hesabu ya makoloni hutoka ndogo kuliko ukweli. Ndiyo maana ulimi ukatwe mara mbili kwa urefu: nusu ipimwe uzito na kusagwa, nusu iende kwenye fomalini na rangi ya PAS, inayoonyesha fangasi kwenye hadubini. Sahani ikisema fangasi wachache huku kioo cha hadubini kikionyesha nyuzi zimezama kwenye utando, amini kioo.

Kwa maambukizi ya kinywa, njia iliyozoeleka ni kipande cha pamba cha miligramu 2.5 kilicholoweshwa kwenye chembe milioni 20 kwa mililita, kikawekwa chini ya ulimi wa panya aliyelazwa usingizi kwa dawa, kwa dakika 75. Mpashe joto na mpake mafuta ya macho muda wote huo. Wanaokufa kwa baridi watakuharibia takwimu, na zaidi ya hapo ni mateso yasiyo na sababu. Pima uzito kila siku. Panya mzima wa kinga hujisafisha ndani ya siku chache, kwa hiyo ukichelewa kuvuna hutaona kitu.

Ukeni, bila estrojeni fangasi haikai. Choma sindano ya estrojeni miligramu 0.1 chini ya ngozi, ndani ya mafuta ya ufuta, saa 72 kabla, na urudie kila wiki. Dozi ni chembe milioni 5 kwenye mikrolita 20. Kikundi kilichochomwa estrojeni bila fangasi ni cha lazima, kwani homoni peke yake hubadilisha utando.

Kuna mtego mmoja ambao hata maabara kubwa huuingia. Panya wa maabara kwa kawaida hazaliwi wala kukua na Candida albicans, ilhali watu wazima wengi wameshakutana nayo, na seli zao za Th17 zina kumbukumbu. Jaribio la siku tatu kwa panya linapima kinga ya asili tu. Ukitaka kumbukumbu, ambukiza, subiri wiki kadhaa, ambukiza tena.

Mtego wa pili ni chembe zilizouawa kwa moto. Ni rahisi kuzitumia, lakini joto hufunua beta-glukani (sukari ya ukuta wa chembe) iliyofichwa chini ya manani (sukari ya tabaka la nje), hivyo Dectin-1, kipokezi cha kinga kinachoitambua, hupiga kelele kuliko kingefanya kwa fangasi hai. Rudia jambo lolote muhimu kwa chembe hai. Rudia pia kwa zaidi ya mbegu moja: SC5314 huchokoza uvimbe na kuondolewa haraka kinywani mwa panya, mbegu 101 hukaa kimya na kudumu. Hitimisho lililotokana na SC5314 peke yake silipi uzito mkubwa.

Kuhusu fedha: bakteria na virusi hupewa kipaumbele, lakini orodha ya WHO ya mwaka 2022 iliiweka Candida albicans kwenye kundi la juu kabisa la fangasi hatari, na makadirio ya mwaka 2018 yalitaja wanawake takriban milioni 138 kwa mwaka wanaosumbuliwa na fangasi za ukeni zinazojirudia. Anza ombi lako na wanawake hao. Molekuli ije baadaye.

Tafuta kliniki ya kushirikiana nayo mapema, kabla hata ya matokeo ya kwanza. Fomu ya sampuli iulize ujauzito, kisukari, antibiotiki, njia ya uzazi wa mpango, siku ya mzunguko, na dawa ya fangasi iliyotumika karibuni, ikiwemo ile mtu aliyojinunulia duka la dawa bila cheti. Swali hilo la mwisho huachwa mara nyingi, na ndilo linaloeleza sampuli zisizoota chochote. Neutrofili hazistahimili friza: zipime siku ile ile, la sivyo utahesabu mabaki.